Majasusi wa runinga wa miaka ya 1960: uanze na tamthilia ipi, na msimu upi?

Mtu akiuliza aanze na tamthilia gani ya zamani ya majasusi, majina manne hurudi kila mara: The Man from U.N.C.L.E. na Mission: Impossible za Marekani, The Avengers na Danger Man za Uingereza. Kwa kawaida hujibiwa kwa jina moja, anaenda kutafuta, anaweka diski ya kwanza, na baada ya sehemu tatu anaacha. Tatizo ni kwamba katika hizi nne hakuna iliyobaki ile ile tangu mwanzo hadi mwisho. Waigizaji waliondoka, waandishi walibadilika, rangi iliingia, bajeti ilipanda na kushuka, mashindano ya vituo yakavuta hadithi huku na kule. Mission: Impossible ya 1968 na ya 1972 zina muziki mmoja lakini kazi tofauti kabisa. Kwa hiyo ukichagua, chagua msimu.

Tuanze na hesabu, maana muda wako ni ghali kuliko diski. The Man from U.N.C.L.E. ilirushwa na kituo cha NBC kuanzia Septemba 1964 hadi Januari 1968: misimu 4, sehemu 105. Mission: Impossible ilikuwa ya kituo cha CBS, kuanzia Septemba 1966 hadi Machi 1973: misimu 7, sehemu 171. The Avengers ilianza Januari 1961 na kuisha 1969: misimu 6, sehemu 161, ingawa karibu msimu wote wa kwanza umepotea. Danger Man ilianza 1960 kwa sehemu 39 za nusu saa, ikasimama, kisha ikarudi 1964 na sehemu 47 za saa nzima. Saa nzima ya runinga ya wakati ule, ukitoa matangazo, ni kama dakika 50. Nusu saa ni kama 25. Anayetazama sehemu 4 kwa wiki atamaliza Mission: Impossible yote kwa wiki 43. Misimu yake mitatu ya kwanza, sehemu 78, itamchukua wiki 20. Misimu miwili ya mwanzo ya U.N.C.L.E. ni sehemu 59, wiki 15. The Avengers za msimu wa 4 na wa 5 ni sehemu 50, wiki 12 na nusu.

Kipimo cha dakika 200

Kabla hujanunua seti yoyote, fanya jaribio hili. Tamthilia zote nne zilitengenezwa wakati nchi za Afrika zikipata uhuru moja baada ya nyingine, na kila moja ina angalau sehemu moja inayohusu nchi ya Kiafrika ya kubuni. Kwa mtazamaji wa Afrika Mashariki sehemu hizo ni kipimo kizuri kuliko orodha yoyote ya sehemu bora, kwa sababu jambo lenyewe unalifahamu, na utaona upesi kila tamthilia inalishikaje. Nne kwa dakika 50 ni dakika 200, Jumamosi moja.

Ya U.N.C.L.E. ni "The Vulcan Affair", sehemu ya kwanza kabisa. Kiongozi wa nchi changa ya Kiafrika, anayeigizwa na William Marshall kwa sauti nzito na heshima kamili, anatembelea kiwanda cha kemikali Marekani, na shirika la siri limepanga mauaji humo kiwandani. Usikimbilie kudhani umeshajua nani anawindwa. Ya Mission: Impossible ni "Kitara", ya msimu wa 5. Jina hilo litamgusa msomaji wa Uganda kwa ajili ya Bunyoro-Kitara, ila hadithi imewekwa katika nchi ya kubuni ya Afrika Magharibi, ambako mtawala wa kijeshi mzungu anawatesa weusi. Kikosi kinamfanya ngozi yake igeuke nyeusi hadi aamini kwamba ana asili ya Kiafrika, na sheria zake mwenyewe zinamgeukia.

Ya The Avengers, "Small Game for Big Hunters" ya msimu wa 4, haikanyagi Afrika hata kidogo. Wazungu waliorudi kutoka koloni la Kalaya wamejijengea kipande cha koloni hilo huko Hertfordshire, pamoja na msitu, joto na ngoma, na wanafuga mbung'o wasiodhurika kwa dawa ili wairudishe nchi mikononi mwao kwa kueneza malale. Ni kejeli kali kwa watu walioshindwa kukubali kwamba himaya imekwisha. Ya Danger Man ni "The Galloping Major": John Drake anaingia akijifanya meja katika nchi iliyopata uhuru karibuni, wakati wa siasa za uchaguzi.

Zote zilipigwa studio, na hilo linaonekana. Unachopima ni mwendo. Ukifurahia mtu wa kawaida kuvutwa ghafla kwenye jambo kubwa, wewe ni wa U.N.C.L.E. Kama raha yako ilikuwa kuona mtego unajengwa kipande kwa kipande, nenda Mission: Impossible. Uliyevutwa na maneno na ukichaa wenye adabu una The Avengers, na aliyependa siasa yenyewe, pamoja na uchafu wake, achukue Danger Man. "Kitara" si mfano wa msimu bora wa Mission: Impossible, kwa hiyo ikikupendeza kidogo tu, tarajia zaidi kutoka misimu iliyoitangulia.

The Man from U.N.C.L.E.: misimu miwili, kisha shuka

Jina lisomwe kwa herufi zake: United Network Command for Law and Enforcement. Ingawa "uncle" kwa Kiingereza ni mjomba, halina mjomba ndani yake. Ni shirika la kimataifa lililojificha nyuma ya duka la fundi cherehani, Del Floria, mjini New York. Wakala anaingia chumba cha kujaribia nguo, anageuza ndoano ya ukutani, ukuta unafunguka, na mapokezi anabandikwa beji ya pembetatu. Beji ya Napoleon Solo ni namba 11, ya Illya Kuryakin ni namba 2, ya mkuu wao Alexander Waverly ni namba 1.

Kilichokuwa kipya mwaka 1964, miaka miwili tu baada ya mgogoro wa makombora ya Cuba, ni kwamba Solo ni Mmarekani na Kuryakin ni Mrusi, wanafanya kazi ofisi moja na hakuna anayemhubiria mwenzake. Robert Vaughn anamcheza Solo mtanashati, mpenda wanawake, asiyekosa neno. Msomaji aliyekulia riwaya za Willy Gamba za Elvis Musiba atamzoea Solo mara moja. David McCallum kama Kuryakin alionekana kwa dakika chache tu katika sehemu ya kwanza, lakini watazamaji walimpenda hadi akawa nusu ya tamthilia.

Kila sehemu ina mwenye balaa lake: mama wa nyumbani, mwalimu, karani, mtu asiyejua lolote kuhusu ujasusi, ambaye Solo anamwomba msaada. Huo ndio moyo wa msimu wa kwanza, na mtu huyo anapoandikwa vizuri, hatari inakuwa ya kweli kwa kuwa hana mafunzo wala bastola. Msimu huu ni wa rangi nyeusi na nyeupe, wenye vivuli vizito na mwendo wa utulivu. Tazama "The Never-Never Affair", na "The Project Strigas Affair", ambamo William Shatner na Leonard Nimoy wanaonekana pamoja kabla ya Star Trek.

Msimu wa 2 unaingia rangi na kuongeza utani kidogo. Kwa wengi huu ndio uwiano mzuri zaidi, na kalamu ya mawasiliano, ile ya "Open Channel D", inaanza hapa. Msimu wa kwanza walitumia redio iliyofichwa kwenye kasha la sigara.

Kisha Januari 1966 kituo cha ABC kilianza kurusha Batman, vichekesho vya rangi kali vilivyopata watazamaji wengi mno, na U.N.C.L.E. ikajaribu kuvifuata. Msimu wa 3 ndio matokeo. Anayetaka kuona kosa lilivyo atazame "The My Friend the Gorilla Affair", ambamo Solo anacheza dansi na gorila katika Afrika ya kuchorwa kwa dhihaka. Iweke kando ya "The Vulcan Affair". Katika ile ya 1964 Mwafrika ana mipango, hofu na tamaa zake, na hadithi inamwogopa. Miaka miwili baadaye bara zima limegeuzwa pambo. Watazamaji walipungua, msimu wa 4 ukajaribu kurudisha uzito, lakini ulikatizwa baada ya sehemu 16 na nafasi yake ikachukuliwa na kipindi cha vichekesho. Sehemu za msimu wa 4 si mbaya. Aliyetazama misimu miwili ya mwanzo na bado ana kiu aruke wa 3 moja kwa moja na kuzifikia.

Jihadhari na filamu. Studio ya MGM ilichukua sehemu kadhaa, ikaongeza picha, ikazitoa sinema kama filamu nane. To Trap a Spy ni "The Vulcan Affair" iliyorefushwa, na ina faida moja halisi: sehemu hiyo ilipigwa kwa rangi ingawa runingani ilirushwa bila rangi, kwa hiyo filamu inaionyesha ilivyopigwa. One Spy Too Many ni "The Alexander the Greater Affair", sehemu mbili zinazofungua msimu wa 2. Ukinunua filamu na msimu wenyewe unalipia hadithi ile ile mara mbili.

Mission: Impossible: mashine

Hii ndiyo yenye uhandisi. Bruce Geller, aliyeibuni, aliamua kwamba wahusika wasielezwe maisha yao: hakuna mapenzi ya ofisini, hakuna mama mgonjwa, hakuna kisasi cha utotoni. Unachopewa ni kazi. Kiongozi anasikiliza kanda yenye maagizo, kanda inajiteketeza baada ya sekunde tano, anachagua watu wake kwa picha kutoka kwenye jalada, wanakutana kwenye nyumba yake na kujaribu vifaa. Mpango wenyewe wameujua, wewe hujaujua. Dakika 40 zinazofuata ni za kuunganisha: kwa nini walihitaji saa mbili zinazofanana, kwa nini yule bwana amejifanya mlevi, kile kisanduku alichokibandika fundi chini ya lifti ni cha nini.

Fundi huyo ni Barney Collier, Greg Morris, aliyedumu misimu yote 7. Mwaka 1966, mtu mweusi kwenye runinga ya Marekani ambaye kazi yake ni kuwa mhandisi bora kuliko wote chumbani, na hakuna anayeshangaa, lilikuwa jambo zito. Sehemu nyingi zinamkuta amelala kwenye bomba la hewa na bisibisi mkononi, jasho linamtoka, hakuna neno linalosemwa kwa dakika nzima. Ukimya huo ndio sifa ya tamthilia hii. Anayefuata Kiingereza kwa shida ataielewa kuliko zile tatu nyingine. Hata ikipitia mikono ya dijei anayesimulia juu ya picha, kama tulivyozoea kwenye mabanda ya video, haiharibiki sana, wakati The Avengers ikipita njia hiyo haibaki kitu.

Misimu inatofautiana hivi. Wa 1 unaongozwa na Dan Briggs, Steven Hill, mtulivu na mwenye uso wa mwalimu wa hesabu. Hill alikuwa Myahudi mshika dini, aliondoka kazini Ijumaa kabla ya jua kuzama, na ratiba ya studio haikupatana na hilo. Hakurudi. Kuanzia msimu wa 2 ni Jim Phelps, Peter Graves. Wengi huanzia hapo kwa sababu Phelps ndiye wanayemjua, na wanakosa sehemu kali za wa 1 kama "Operation Rogosh", ambamo jasusi sugu anaaminishwa kwamba miaka mitatu imepita na yuko gerezani nchini kwake akisubiri kunyongwa.

Misimu ya 2 na 3 ndiyo kilele. Martin Landau ni bwana wa vinyago na sauti za watu. Barbara Bain, mke wake wakati ule, alitwaa tuzo ya Emmy mara tatu mfululizo, 1967, 1968 na 1969. Ukitaka sehemu moja tu ya tamthilia nzima, chukua "The Mind of Stefan Miklos" ya msimu wa 3. Adui ni mwerevu mno, hadanganyiki kwa uongo wa wazi. Kwa hiyo wanamwachia dalili ndogo ndogo, ndogo kiasi kwamba mtu wa kawaida asingeziona, ili akili yake mwenyewe impeleke kwenye hitimisho lisilo kweli. Haitazamwi huku unachezea simu. Ukipoteza dakika mbili umepoteza njia.

Baada ya msimu wa 3 Landau na Bain waliondoka. Leonard Nimoy aliziba pengo katika wa 4 na wa 5, akafanya kazi nzuri, lakini nafasi ya Bain ilipitiwa na waigizaji mbalimbali katika wa 4, ikashikwa na Lesley Ann Warren katika wa 5, kisha Lynda Day George akafika msimu wa 6. Humo pia nchi za kigeni zinaisha karibu zote, na kikosi kinapambana na magenge ya wahalifu wa Marekani. Kwa nini hilo linadhoofisha hadithi? Kwa sababu mtego wa misimu ya mwanzo ulikuwa na sababu ya kuwa mgumu: hawakuweza kuita polisi, walikuwa nyuma ya mipaka ya adui. Ndani ya Marekani swali la kwa nini wasimkamate tu linakusumbua sehemu nzima.

Kuna uzito mwingine ambao msomaji wa Kiswahili hawezi kuupita, hasa wa Kongo. Tamthilia hii inamshangilia wakala wa siri wa Marekani anayeingia nchi ya watu na kuamua nani atawale. Kamati ya Seneti ya Marekani iliyoongozwa na Frank Church iliandika mwaka 1975 kwamba CIA, shirika la ujasusi la Marekani, ilipeleka sumu Léopoldville (Kinshasa ya leo) mwaka 1960 ikimlenga Patrice Lumumba. Kwenye runinga kikosi cha Phelps mara nyingi hakiui kwa mkono wake. Kinapanga mambo ili adui auawe na wenzake, na mikono inabaki safi. Tazama ukilijua hilo. Ufundi wake unabaki wa hali ya juu, na kuujua ukweli kunakufanya uone ni nini kinachofichwa na ufundi huo.

The Avengers: usianze mwanzo

Tatizo la kwanza ni kuipata. Andika jina lake popote na utaletewa mashujaa wa Marvel. Nchini Uingereza filamu ya Marvel ya 2012 ilibidi iitwe Marvel Avengers Assemble kwa sababu jina lilikuwa na mwenyewe. Tafuta kwa majina ya wahusika: Steed, Emma Peel. Filamu ya 1998 yenye majina hayo hayo iache.

Kosa la pili ni kuanza na sehemu ya 1. Msimu wa kwanza ulikuwa hadithi ya daktari, Ian Hendry, akisaidiwa na bwana wa siri aitwaye John Steed, na kilichobaki ni sehemu chache. Misimu ya 2 na 3 ipo, ikiwa na Honor Blackman kama Cathy Gale, mwanaanthropolojia mjane ambaye kwa wasifu aliopewa mumewe aliuawa Afrika wakati wa Mau Mau. Ni mwanamke wa kwanza wa aina yake kwenye runinga hiyo: anapigana judo na kumkatalia Steed usoni. Lakini ilirekodiwa kwenye kanda za video karibu kama mchezo wa moja kwa moja. Mwigizaji akikosea neno linabaki, kivuli cha maikrofoni kinapita ukutani, sauti inafifia. Inafaa ukishaipenda tamthilia, si kabla.

Anza na msimu wa 4, "The Town of No Return", 1965. Hapo walihamia filamu ya milimita 35, Blackman alikuwa ameondoka kwenda kuigiza Goldfinger, filamu ya James Bond, na Diana Rigg akaingia kama Emma Peel. Kuna mambo manne ya kuzoea. England yao ni tupu: barabara hazina watu, polisi hawaonekani. Damu haimwagiki. Hadithi inaanza na kifo cha ajabu na kuishia kwa mtu mwenye wazimu uliopangwa vizuri sana. Na Steed, mwenye mwavuli na kofia ngumu ya duara, na Emma, mwenye gari la Lotus Elan, wanazungumza kama watu wanaocheza bao: kila neno lina kete nyuma yake. Uhusiano wao hauelezwi kamwe, na hapo ndipo penye raha.

Msimu wa 4 hauna rangi na ndio bora. "The Hour That Never Was" ni ya kutazama usiku: kambi ya jeshi la anga, saa zimesimama, watu wote wametoweka. "The House That Jack Built" inamfungia Emma ndani ya nyumba inayoendeshwa na mashine. Msimu wa 5 una rangi, unachekesha zaidi, na baadhi ya hadithi ni nyepesi. Anayeshindwa kabisa kutazama picha isiyo na rangi aanzie huo, hatapotea. Wenye watoto waiweke kando "A Touch of Brimstone" ya msimu wa 4, ambayo kituo cha Marekani kilikataa kuirusha. Msimu wa 6, wenye Linda Thorson kama Tara King, unafunguliwa na "The Forget-Me-Knot", ambapo Emma anaaga. Itazame hiyo moja hata kama hutaki mengine.

Seti za zamani za Marekani ziliandikwa mwaka badala ya namba ya msimu, kwa hiyo angalia jina la sehemu ya kwanza kwenye kasha kabla ya kulipa.

Danger Man: yenye ukweli zaidi

Hii haitajwi sana, na ndiyo ningeipa mtu mzima anayesoma magazeti. John Drake, Patrick McGoohan, hutumia bastola kwa nadra mno, halali na mwanamke wa kila bandari, na mara nyingi anarudi ofisini amechukia amri aliyotumwa kuitekeleza. Vifaa vyake vinaaminika: kinasa sauti ndani ya mashine ya kunyolea ndevu, gari dogo la Mini. Hapewi ushindi wa tarumbeta. Mtu aliyeahidiwa ulinzi anauzwa, na Drake anajua ni nani aliyemuuza.

Sehemu 39 za nusu saa zina Drake wa NATO mwenye lafudhi ya Kimarekani. Ni za haraka, hadithi inabanwa mno, na nyingi zinaisha pale unapoanza kuzijali. Za saa nzima, kuanzia "Yesterday's Enemies" ya 1964, zina Drake wa idara ya Uingereza iitwayo M9, na hizo ndizo za kununua. "Colony Three" inampeleka katika kijiji cha Kiingereza kilichojengwa nyuma ya mipaka ya kikomunisti ili majasusi wajifunze kuishi kama Waingereza: duka la chai, basi jekundu, na hakuna anayeruhusiwa kutoka. Mbili za mwisho tu ndizo zenye rangi, "Koroshi" na "Shinda Shima". La pili linasomeka kama Kiswahili lakini ni Kijapani, na hakuna anayeshinda kitu humo. Ni dhaifu, usizitumie kupima tamthilia.

Huko Marekani sehemu za saa nzima zilirushwa kwa jina Secret Agent, na muziki wa kufungulia ni mwingine. Seti zenye jina hilo ni tamthilia ile ile.

Yanayoharibu ununuzi

DVD zina kanda za dunia: diski na deki hufungwa kwa eneo fulani. Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo ziko kanda ya 5. Uingereza, Ulaya, Oman na nchi za Ghuba ziko ya 2. Marekani na Kanada ni ya 1. Diski ya Marekani kwenye deki iliyofungwa kwa kanda ya 5 haitafunguka, hata kama ni halali na mpya. Nunua deki isiyofungwa kanda, au hakikisha kasha lina alama ya 0, yaani diski isiyofungwa kanda. Blu-ray ni rahisi zaidi kwetu: Afrika, Ulaya na Ghuba zote ni kanda B, Marekani ni A.

Tamthilia za Marekani zilipigwa kwa picha 24 kwa sekunde. Zikihamishiwa DVD ya PAL, mfumo wa runinga wa Ulaya, zinachezwa kwa 25, kwa hiyo sehemu ya dakika 50 inaisha kwa 48 na sauti inapanda kidogo. Muziki wa Lalo Schifrin wa Mission: Impossible, wenye mapigo matano badala ya manne, ukisikika mwembamba na wa haraka kuliko ulivyouzoea, sababu ni hiyo. Kwa tamthilia hii pendelea diski za NTSC, mfumo wa Marekani, au Blu-ray.

Picha zote hizi ni za umbo la 4:3. Runinga mpya nyingi huivuta picha ijaze kioo, na Emma Peel anakuwa mnene, Solo anakuwa mfupi. Ingia kwenye mpangilio wa picha kwa rimoti, chagua 4:3, kubali michirizi meusi pembeni. Ukikuta nakala iliyojaza kioo bila kunenepesha watu, wamekata juu na chini: katika Mission: Impossible mara nyingi kinachokatwa ni mkono wa Barney na kile alichoshika.

Angalia pia urefu. Sehemu ya saa nzima inayoishia dakika 44 au 45 ni nakala iliyopunguzwa ili matangazo yaingie. Kwa Mission: Impossible hilo ni hasara kubwa kuliko zote, maana kinachokatwa mara nyingi ni ile hatua ya mpango inayoelezea mwisho.

Zilizo jirani

I Spy ya NBC, 1965 hadi 1968, sehemu 82, ilipigwa kweli Hong Kong, Japani, Meksiko, Ugiriki, Moroko na kwingineko, na kwa mandhari hakuna inayoishinda. Get Smart, sehemu 138 za nusu saa, ni vichekesho vitupu, na itamchekesha zaidi aliyekwisha kutazama U.N.C.L.E.

The Prisoner iache hadi umalize Danger Man. McGoohan yuleyule ni jasusi aliyejiuzulu, anazinduka katika kijiji kizuri kisicho na njia ya kutoka, kilichopigwa Portmeirion, Wales, mahali ambapo Drake aliwahi kupita katika "View from the Villa" ya 1960. Ni sehemu 17 tu, zote za rangi, lakini mpangilio wake unabishaniwa hadi leo kwa sababu zilivyopigwa, zilivyorushwa na mantiki ya hadithi havilingani. Anza na "Arrival", weka "The Chimes of Big Ben" karibu nayo, na maliza na "Once Upon a Time" ikifuatwa mara moja na "Fall Out", usiku mmoja ikiwezekana. Zilizo katikati zipange upendavyo.